Je, James Monroe ndiye aliyeshika bendera katika boti ya Washington?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Katika picha moja maarufu Jenerali Washington anaonekana akivuka mto wenye barafu, na maelezo yake yanasema kijana aliyeshika bendera nyuma yake ni James Monroe, aliyekuja kuwa Rais wa tano wa Marekani. Wanafunzi wangu wameniuliza mambo mawili: je, tukio lilikuwa hivyo kweli, na je, ushujaa wake vitani ndio uliompeleka Ikulu?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri, na swali lao la pili ni gumu kuliko wanavyodhani. Nianze na la picha, maana ndilo jepesi: tukio halikuwa hivyo. Kuhusu Ikulu, maoni yangu baada ya kuyafuatilia maisha ya mtu huyu kwa muda mrefu ni kwamba jeraha la vitani lilimpa Monroe jina, ila mlango wa siasa ulimfungukia pale jeshi liliposhindwa kumpatia askari wa kuwaongoza.

Picha hiyo ilichorwa na Emanuel Leutze, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Marekani, akiwa katika mji wa Düsseldorf, na aliikamilisha mwaka 1851, yaani miaka 75 baada ya tukio lenyewe. Ni turubai kubwa mno, yenye upana unaozidi mita sita, na sasa imetundikwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Leutze hakuwa akiandika historia. Alitaka kuwatia moyo Wajerumani wa wakati wake, ambao mapinduzi yao ya 1848 yalikuwa yameshindwa. Ndiyo maana alimpa Monroe bendera ya nyota na mistari, ingawa bendera hiyo iliidhinishwa na Bunge tarehe 14 Juni 1777, karibu nusu mwaka baada ya usiku ule. Kubwa zaidi ni kwamba Monroe hakuwa katika boti moja na Washington. Wakati jenerali anavuka, luteni huyu wa miaka 18 alikuwa ameshafika ng'ambo na kuingia gizani.

Alikuwa amefikaje hapo? Monroe alizaliwa tarehe 28 Aprili 1758 katika wilaya ya Westmoreland, Virginia. Baba yake, Spence Monroe, alikuwa fundi seremala na mkulima mwenye shamba la kadiri na watumwa wachache. Alifariki mwaka 1774, na kijana akawa chini ya uangalizi wa mjomba wake, Joseph Jones, hakimu na mwanasiasa aliyempeleka Chuo cha William and Mary mjini Williamsburg. Masomo hayakuendelea. Katikati ya 1775 Monroe alikuwa miongoni mwa watu 24 waliovamia jumba la gavana wa Kiingereza na kuchukua bunduki 200 na panga 300 kwa ajili ya wanamgambo wa mji, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akaacha chuo na kujiunga na Rejimenti ya Tatu ya Virginia. Kufikia Desemba 1776 alikuwa ameshapigana Harlem Heights na White Plains, na jeshi la Washington lilikuwa limefukuzwa kutoka New York hadi ng'ambo ya Mto Delaware, limepungua na kukata tamaa.

Usiku wa tarehe 25 Desemba Washington aliwavusha watu wapatao 2,400 kutoka upande wa Pennsylvania kuingia New Jersey. Monroe na wenzake walikuwa chini ya Kapteni William Washington, ndugu wa mbali wa jenerali, nao walitangulia ili wakaizibe njia panda moja kaskazini ya mji wa Trenton, asipite mtu wa kwenda kumtonya adui. Wakiwa wamesimama pale kwenye baridi, mbwa wa nyumba ya jirani wakaanza kubweka, na mwenye nyumba akatoka akiwatukana kwa kudhani ni askari wa Kiingereza. Alipotambua kuwa ni wenzake aliwaletea chakula, kisha akawaambia kwamba yeye ni daktari na kwamba atafuatana nao, huenda akamfaa mtu. Aliitwa John Riker. Monroe mwenyewe alikisimulia kisa hiki uzeeni, na sioni ajabu kwamba hakukisahau.

Asubuhi, yapata saa mbili, mashambulizi yakaanza. Mji ulikuwa ukilindwa na askari wa kukodi kutoka Hesse, Ujerumani, waliokuwa wakiitumikia Uingereza, na baadhi yao wakajaribu kuweka mizinga miwili katikati ya barabara ili kulifyeka kwa risasi jeshi la Washington lililokuwa likishuka mjini. Kapteni Washington na Luteni Monroe wakaikimbilia mizinga hiyo na watu wao. Kapteni akajeruhiwa mikono. Monroe akachukua uongozi, naye akapigwa risasi iliyoingia begani na kukata ateri. Mtu aliyekatwa mshipa wa namna hiyo huisha damu kwa dakika chache. Daktari Riker alikuwapo, akaubana mshipa, na Monroe akapona. Risasi yenyewe haikutolewa kamwe. Aliishi nayo miaka 54 iliyobaki. Mizinga ilitekwa, na Wahesse wapatao 900 wakachukuliwa mateka. Huo ndio ukweli ambao picha ya Leutze imeuficha, nao kwa maoni yangu una uzito kuliko kijana aliyesimama na bendera.

Sasa lile swali la Ikulu. Baada ya Trenton, Monroe alipandishwa cheo kuwa kapteni, na hapo ndipo mkasa wake ulipoanzia. Katika jeshi lile, cheo na askari vilikuwa vitu viwili tofauti: ofisa aliyepewa kombania mpya alitakiwa aende kwao akawaandikishe watu mwenyewe, awashawishi kwa maneno na kwa fedha za motisha, na asipowapata abaki kapteni wa karatasi. Monroe alirudi Virginia bega likiwa halijapona vizuri, akazunguka, akakosa watu. Badala ya kukaa nyumbani alirejea jeshini kama msaidizi wa Jenerali William Alexander, ambaye wote walimwita Lord Stirling, na akapanda hadi umeja. Alikuwapo Brandywine na Germantown mwaka 1777, akaumaliza msimu wa njaa na baridi kambini Valley Forge, akapigana Monmouth Juni 1778. Katika miaka hiyo alifahamiana na Mfaransa Lafayette, na alikuwa pamoja na John Marshall, aliyesoma naye utotoni. Hata hivyo, msaidizi wa jenerali haongozi vita. Hubeba amri za mwingine. Mwishoni mwa 1778 akajiuzulu.

Mwaka 1779 alirudi Virginia na barua ya Washington iliyomsifu kuwa ofisa shupavu, mchapakazi na mwenye akili timamu. Kwa nguvu ya barua kama hiyo jimbo likampa cheo cha luteni kanali katika rejimenti iliyokusudiwa kuundwa. Rejimenti haikuundwa, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu na watu hawakupatikana. Ebu mfikirie kijana wa miaka 21, luteni kanali, mwenye risasi begani na barua ya jenerali mkuu mfukoni, asiyekuwa na askari hata mmoja wa kumpa amri. Ni hapo ndipo mjomba Joseph Jones alipomshauri aende akasome sheria kwa Thomas Jefferson, ambaye mwaka huo alikuwa amechaguliwa gavana wa Virginia. Uhusiano ule ndio uliomfanya mwanasiasa. Jefferson alimwazima vitabu, akampangia masomo, akamtuma mwaka 1780 kwenda kusini kufuatilia hali ya jeshi baada ya Waingereza kuuteka mji wa Charleston, na hakumwacha mkono hadi alipokufa mwaka 1826. Wakati Waingereza wanaposalimu amri Yorktown, Oktoba 1781, Monroe hakuwa na nafasi hata hapo, ingawa aliiomba.

Kwa hiyo wanafunzi wako wakiuliza kama vita vilimpeleka Ikulu, waeleze kwamba vita vilimpa kitambulisho ambacho mpiga kura yeyote wa Virginia alikielewa, lakini safari ilianzia katika chumba cha vitabu cha Jefferson. Mwaka 1782 alichaguliwa katika bunge la jimbo, na mwaka uliofuata akaingia Bunge la Shirikisho, ambako alipambana hasa na jambo moja: haki ya wakulima wa magharibi kupitisha mazao yao katika Mto Mississippi. John Jay, aliyesimamia mambo ya nje ya nchi, alipopendekeza mwaka 1786 kwamba haki hiyo iachiwe Hispania kwa miaka mingi ili Marekani ipate mkataba wa biashara, Monroe alilipinga pendekezo hilo kwa nguvu zote. Likumbuke jambo hili, maana litarudi.

Kuna jambo ambalo mtu asingelitarajia kwa askari aliyeziona taabu za serikali dhaifu. Mwaka 1788, Virginia ilipokutana kuijadili Katiba mpya, Monroe alipiga kura ya kuikataa. Maofisa wengi wa jeshi la Washington waliitaka serikali kuu yenye nguvu, kwa kuwa walikuwa wamelala njaa kwa sababu Bunge halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Monroe alikubali kwamba mabadiliko yalihitajika, ila aliogopa mamlaka ya kutoza kodi moja kwa moja na ukosefu wa tamko la haki za raia. Katiba ilipita kwa kura 89 dhidi ya 79. Mwaka uliofuata aligombea ubunge dhidi ya rafiki yake James Madison akashindwa, na urafiki wao haukuvunjika, jambo ambalo nalithamini sana ninapomsoma mtu huyu. Madison ndiye aliyeyapeleka Bungeni marekebisho ya kulinda haki za raia.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa swali lako si la ubalozi. Aliingia Seneti mwaka 1790, akatumwa Ufaransa mwaka 1794, ambako alisaidia kumtoa gerezani mwandishi Thomas Paine, kisha mwaka 1796 akaitwa nyumbani na Washington yuleyule aliyempa sifa, kwa kuonekana anaipendelea mno Ufaransa. Mwaka 1803 Jefferson, sasa akiwa Rais, alimrudisha Paris kumsaidia Robert Livingston, na kwa dola milioni 15 wakainunua Louisiana yote, eneo la maili za mraba zipatazo 828,000. Mto Mississippi, aliokuwa ameupigania miaka 17 nyuma, sasa ulikuwa wa Marekani pande zote mbili hadi baharini.

Siwezi kulipita haraka jambo la mwaka 1800, na nakuomba na wewe usilipite darasani. Monroe alikuwa gavana wa Virginia wakati mtumwa mmoja fundi chuma, aliyeitwa Gabriel, alipowaandaa watumwa wenzake kuushambulia mji wa Richmond na kudai uhuru wao. Usiku uliopangwa, tarehe 30 Agosti, mvua kubwa ilifurika barabara na madaraja, na watumwa wawili wakamwambia bwana wao siri hiyo. Monroe aliwaita wanamgambo, akalinda silaha, akafanya yote ambayo askari mzoefu angefanya. Gabriel alipokamatwa aliletwa mbele yake na hakutaka kusema neno la maana. Watu wapatao 26 walinyongwa, Gabriel mwenyewe tarehe 10 Oktoba. Katikati ya mauaji hayo Monroe alimwandikia Jefferson akimuuliza ni wakati gani mkono wa mnyongaji uzuiwe, na Jefferson akamjibu kuwa walionyongwa wametosha. Msafiri mmoja Mwingereza aliyepita Virginia miaka michache baadaye aliandika aliyosimuliwa kuhusu mmoja wa washtakiwa: kwamba alipoulizwa ana la kujitetea, alisema hana zaidi ya lile ambalo Jenerali Washington angelisema kama Waingereza wangelimkamata na kumshtaki. Yule aliyekuwa na mamlaka ya kumsamehe alikuwa amevamia ghala la silaha la gavana akiwa na miaka 17 kwa jina la uhuru. Sijui namna ya kuisoma historia ya Monroe bila kusimama hapa.

Baada ya tukio hilo, Virginia ilimtaka amwulize Jefferson kama watu weusi walioonekana hatari wangeweza kupelekwa nje ya nchi, na Sierra Leone ilitajwa katika barua hizo. Wazo hilo halikufa. Mwaka 1819, Monroe akiwa Rais, Bunge lilitenga dola 100,000 kwa ajili ya Waafrika waliookolewa kutoka meli za watumwa, na serikali yake ikazitumia fedha hizo kwa namna iliyokisaidia Chama cha Ukoloni cha Marekani, kilichotaka kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru, kupata ardhi Afrika Magharibi. Mwaka 1824 makazi makuu ya huko yakaitwa Monrovia. Wanafunzi wako wanaoujua mji mkuu wa Liberia wanalijua jina la Monroe tayari, na ni vyema waelezwe limetoka wapi.

Askari alirudi ndani yake mwaka 1814. Monroe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Madison, Marekani ikiwa vitani na Uingereza kwa mara ya pili. Mwezi Agosti majeshi ya Kiingereza yaliposhuka katika Mto Patuxent, Waziri wa Vita John Armstrong alishikilia kwamba hawaukusudii mji mkuu. Monroe, mwenye umri wa miaka 56, alipanda farasi na kikosi kidogo, akaenda kuwachungulia adui kama luteni, kisha akampelekea Madison ujumbe kwamba wanakuja Washington moja kwa moja na kwamba nyaraka za serikali ziondolewe. Alikuwa sahihi. Tarehe 24 Agosti huko Bladensburg aliwahamisha baadhi ya askari kutoka mahali walipopangwa bila kumshauri jenerali mhusika, na wanahistoria wanamlaumu kwa hilo. Mimi pia naona alikosea, kwa kuwa tabia ya ofisa kijana haikumfaa waziri. Usiku huo Ikulu na Bunge viliteketea. Armstrong alijiuzulu, na Monroe akashika Wizara ya Vita pamoja na ile ya Mambo ya Nje.

Ukitafuta wakati ambapo uanajeshi wake ulimsogeza karibu na urais, ni huu kuliko Trenton. Aliliomba Bunge jeshi la watu 100,000 na sheria ya kuwaandikisha kwa lazima, yeye yuleyule aliyeiogopa serikali kuu mwaka 1788. Nadhani alikuwa amemkumbuka kapteni asiyekuwa na kombania. Bunge lilikataa, lakini mkataba wa amani wa Desemba 1814 na ushindi wa Andrew Jackson huko New Orleans Januari 1815 vikalituliza taifa, na uchaguzi wa 1816 Monroe akaushinda kwa kura 183 za wajumbe dhidi ya 34 za Rufus King. Aliyemwapisha alikuwa Jaji Mkuu John Marshall, yule mwenzake wa Valley Forge. Mwaka 1820 hakuwa na mpinzani, akapata kura zote isipokuwa moja.

Alivaa hadi mwisho suruali fupi za magotini na kofia ya pembe tatu za zama za mapinduzi, na watu waliopanga mistari barabarani mwaka 1817 alipoizuru nchi walimwona kama kiungo cha mwisho na kizazi cha Washington. Ziara hiyo ilitangazwa kuwa ya kukagua ngome za pwani, na haikuwa kisingizio kitupu. Monroe aliamini kwamba mji mkuu uliungua kwa sababu hakuna aliyekuwa amejenga chochote cha kuwazuia Waingereza wasiingie ghubani, na serikali yake ikaanza mpango mrefu wa ngome za mawe. Bunge lilijenga kwa kusitasita, na mwaka 1821 likalipunguza jeshi hadi watu wapatao 6,000. Kwa hiyo tarehe 2 Desemba 1823, alipozitangazia nchi za Ulaya kwamba mabara ya Amerika si mahali pa makoloni mapya, alikuwa rais wa nchi isiyokuwa na nguvu za kulitekeleza tamko lake. Kilichozizuia nchi hizo zaidi kilikuwa manowari za Uingereza, ambayo kwa sababu zake za kibiashara haikutaka Hispania irudi kuyatawala makoloni yake ya zamani.

Alistaafu mwaka 1825 akiwa na madeni makubwa, mengi ya enzi za ubalozi. Aliuza shamba lake la Highland, na watumwa aliokuwa nao huko akawauza Florida mwishoni mwa miaka ya 1820, katika ardhi ambayo serikali yake mwenyewe ilikuwa imeipata kutoka Hispania. Mke wake, Elizabeth, alifariki mwaka 1830. Monroe akahamia New York kwa binti yake, akafa tarehe 4 Julai 1831.

Kubwa kati ya ngome alizoanzisha inaitwa Fort Monroe, nayo iko kwenye rasi ya Point Comfort, Virginia, mahali ambapo mwaka 1619 meli iliwashusha Waafrika wa kwanza wa Virginia ya Waingereza, watu waliotekwa Angola. Mei 1861, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watumwa watatu walivuka maji usiku kwa mashua hadi kwenye ngome hiyo, na Jenerali Benjamin Butler akakataa kuwarudisha kwa bwana wao. Baada yao walifuata maelfu.